Nyasi Nilizolaza Bila wa Kuzifukia

Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka jana, kama saa nne asubuhi, nilifiwa na mke wangu Agnesi. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Alianguka shambani, kwenye mteremko wetu hapa Mbuji, jembe likiwa bado mkononi. Tulipomfikisha zahanati alikuwa ameshakata roho. Tuliambiwa ni presha, mshipa ulipasuka kichwani.

Naandika kwa sababu baada ya hapo niliugua, na kwa miezi mitano hakuna aliyejua kwamba naumwa, hata mimi mwenyewe. Nimeishia darasa la saba. Ugonjwa wa sonona siwezi kuueleza kama wataalamu wanavyoueleza. Ninachoweza ni kusema ulivyonikuta mimi, na ulivyomkuta shemeji yangu Esta, mdogo wake Agnesi. Tulifiwa na mtu mmoja, siku moja. Lakini yeye na mimi hatukufanana tulivyoumwa, mpaka kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu asiye na uchungu.

Inabidi kwanza nieleze kazi ya kwetu. Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Mwanaume anafyeka nyasi, anaziacha zinyauke, halafu anazilaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unaonekana kama una madirisha. Hapo yeye kazi yake imekwisha. Mwanamke ndiye anachimba udongo katikati ya kila dirisha na kuzifukia zile nyasi. Linabaki shimo katikati na matuta pande nne, na maharage yanapandwa juu ya matuta. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni na udongo hauteremki. Mwanaume hashiki jembe la kufukia. Hakuna aliyetukataza, ila hatushiki. Agnesi alikuwa Mnyasa wa kule ziwani, karibu na Liuli, ngoro hakuzaliwa nayo. Alifundishwa na mama yangu, akawapita wengi waliozaliwa nayo.

Asubuhi ile alikuwa amefukia safu moja na nusu. Akaniambia, "Baba Skola, kichwa kinanigonga. Nikapumzike kidogo." Nilikuwa nimekumbatia mzigo wa nyasi. Nikamjibu, "Tumalize safu hii kwanza, mvua hiyo inakuja." Hakubishana. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa ananisikia.

Msibani kila aliyekuja aliuliza ilianzaje. Nilisema alianguka ghafla. Nilisema hivyo kwa watu wote, na kwa Esta pia.

Mazishini sikulia. Si kwamba nilijizuia, machozi hayakuja. Nilipanga viti, nilihesabu sufuria za kuazima, nilihakikisha kila moja imerudi kwa mwenyewe. Esta alifika na watu wa ziwani akalia mpaka akagaagaa chini, wanawake watatu wakamshika. Jioni ya siku hiyohiyo nikamsikia jikoni anawaigiza wazee wa kwetu wanavyosalimiana, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikasema moyoni, huyu analia kwa mdomo tu. Baadaye nilikuja kujua na yeye aliniangalia nikihesabu sufuria akasema, huyu hakumpenda dada yangu.

Tulipomaliza arobaini, Esta aliomba kwenda na binti yangu Skola. Skola alikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na ndiye mtoto tuliyejaliwa mimi na Agnesi.

"Shemeji, nikae naye kidogo," alisema. "Wewe hata uji huwezi kumpikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uanze kula. Tazama mkanda wako huo."

Kweli, mkanda nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Nikakubali. Watu niliwaambia kwamba kule shule iko karibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kumtazama Skola. Ana paji la uso la mama yake. Na nilikuwa na hofu nyingine: Esta ameachika, hana mtoto, na Agnesi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Siku akijua nilichomjibu dada yake, Skola hatarudi kwangu kamwe. Basi nikaamua hatajua.

Akina mama wa jumuiya yetu walikuja na majembe yao kunifukia zile nyasi, kama ilivyo desturi mtu akifiwa. Niliwarudisha. Nilisema nitapanga mwenyewe. Sikuweza kuvumilia mguu wa mtu kwenye ile safu ya nusu. Wakaondoka wameshangaa, na mimi nikaenda mteremko wa pili nikaanza kufyeka nyasi nyingine.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipojificha, kwenye kazi. Nilikuwa naamka saa tisa ya usiku bila kuamshwa na kitu, kifua kimejaa kama nimebebeshwa gunia, na silali tena. Kukipambazuka tu niko shambani. Nilifyeka, nikalaza. Msimu wa kulaza nyasi ukapita, mvua zikakatika, mimi bado nalaza. Nilipomaliza mteremko wa pili nilihamia wa tatu, ambao hata si wangu, ni wa ukoo. Madirisha kwa madirisha, na hakuna mwanamke wa kuyachimba. Chakula kilikuwa kama vumbi la mbao mdomoni. Tumbo liliniuma kila siku. Kahawa yangu iliiva mwezi wa Juni, ikakaukia kwenye mti, na mimi nimeipa mgongo, nalaza nyasi.

Na watu walinisifu. Katekista wetu alinisimamisha kwenye jumuiya akasema, "Mtazameni mwenzenu. Amepata pigo, lakini kazi haijalala. Hivyo ndivyo mwanaume anavyofiwa." Kwa watu wa kwetu, mtu anayefanya kazi hawezi kuwa mgonjwa. Mgonjwa analala. Hata baba yangu alitulea hivyo, kukaa mchana ilikuwa aibu, na mimi ni mzaliwa wa kwanza, niliyafuata hayo kuliko wadogo zangu wote. Kwa hiyo ugonjwa uliponijia ulinikuta na fyekeo mkononi na ukanisukumia hukohuko.

Mtu mmoja tu aliniona. Ni mama jirani, mchokozi sana, ana mdomo usio na mlango. Alipita njiani na debe la maji kichwani, akasimama. "Baba Skola, unatandika vitanda vingi hivyo, nani atalala?" Nilikasirika nikamwambia aende zake. Siku ile sikuweza kulaza nyasi tena. Nilisimama pale mpaka jua likawa kali, sijui nilikuwa natazama nini.

Mwezi wa Agosti Skola alinipigia kwa simu ya jirani yao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, mama mdogo haamki."

"Haamki vipi?"

"Anaamka saa nane, anakula, anarudi kulala. Mimi ndiye ninayeanika usipa. Jana amemfukuza mteja."

Usipa ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, na ndio biashara ya Esta. Nilipanda basi la kuteremka ziwani kesho yake. Njia nzima nilikuwa na hasira. Nilisema, mimi nimefiwa na mke na nafanya kazi, huyu amefiwa na dada analala.

Nilimkuta amenenepa, uso umevimba, uwanja haujafagiliwa. Chanja za kuanikia zilikuwa na usipa wa jana, kunguru wamekaa. Aliponiona akabadilika. Akainuka, akaoga, akasonga ugali wa muhogo, akaanza kunitania kwamba Wamatengo tunanenepesha mashimo na kujikondesha wenyewe. Akacheka hasa. Nikajiambia, anaigiza, hana ugonjwa wowote. Baada ya kula alikaa mlangoni, na kile kicheko kikamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyokauka kwenye mchanga.

Nikamwambia Skola atakwenda na mimi.

"Aende wapi?" Esta aliuliza. "Kwa mtu asiye na machozi?"

"Kwa baba yake. Hapa mtoto ndiye anakulea wewe."

"Wewe siku ya mazishi ulikuwa unahesabu sufuria."

"Na wewe ulikuwa unawachekesha watu jikoni."

"Nilicheka kwa sababu nikinyamaza nakufa," alisema. "Wewe ukinyamaza unapona. Basi nyamaza."

Skola alitoka nje. Nilitaka kuinuka nimfuate, nikashindwa. Tumbo lilinibana, nikakaa chini kwenye sakafu. Tangu jana yake sikuwa nimekula, na hata ule ugali nilikuwa nimeuzungusha tu kwenye sahani.

Esta ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni asubuhi. Tulikaa kwenye benchi la nje kuanzia saa mbili hadi saa sita. Alikuwa amechukia kuamka mapema, akalaza kichwa ukutani, akasinzia mdomo wazi. Mtoto wa watu alimwekea jani la mwembe mdomoni, mama yake akamchapa. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Machi.

Tabibu alikuwa dada mpole, mwembamba, sauti ya chini. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Alinipima, halafu akaacha mambo ya tumbo akaniuliza nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, nimepungua kiasi gani. Nilimwonyesha mkanda. Ulikuwa na matundu manne ya msumari.

Esta akadakia, "Huyu halali, dokta. Mimi nalala kwa niaba yake."

Tabibu akageuka. "Unalala sana?"

"Mimi nimekuja kumsindikiza shemeji."

"Sawa. Unalala sana?"

Esta alianza kujibu kwa utani, na katikati ya utani sauti ikamkatika. Akasema analala mchana kutwa na akiamka miguu ni mizito kama imefungwa mawe. Anakula mpaka aibu. Neno dogo la mtu linamchoma siku tatu. Wageni wakija anachangamka kama hana neno, wakiondoka anaanguka tena. Tulikaa mle ndani muda mrefu. Tabibu alituuliza tulivyolelewa, nani alimbeba nani, nani alizoea kusema na nani alizoea kunyamaza. Mwisho akachukua kadi mbili.

"Nimesema nimesindikiza," Esta alisema.

"Umefika nawe," tabibu akamjibu. "Ni ugonjwa huohuo. Kwa shemeji yako umekaa kwenye kazi na tumbo, kwa sababu ndivyo alivyo. Kwako umekaa kwenye usingizi na hasira. Hakuna anayeigiza hapa."

Nilimwambia pia jambo ambalo sikuwahi kulisema, kwamba alfajiri nyingi natamani ningekuwa sijaamka kabisa. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka. Aliniuliza kama nimewaza kujidhuru, nikasema nimekaribia, na akaniuliza nani yuko karibu nami nyumbani. Tangu siku hiyo mdogo wangu wa kiume alihamia kwangu kwa muda, na Skola akabaki ziwani kwa Esta. Kama unasoma na una mawazo hayo, yaseme kwa mtu leo. Mimi niliyasema, na yalianza kupungua uzito siku hiyo hiyo.

Tulipewa rufaa ya kliniki hospitali ya mjini Mbinga, mara moja kwa mwezi. Esta anapanda kutoka ziwani, mimi natoka Mbuji, tunakutana kwenye benchi. Vidonge vyake na vyangu havikuwa vya aina moja. Na maagizo yalikuwa kinyume kabisa: mimi niliambiwa kila siku nikae saa moja mchana bila kufanya kazi yoyote, yeye aliambiwa kila asubuhi, atake asitake, atembee mpaka ufukweni na kurudi.

"Mimi nimeandikiwa kusimama, wewe umeandikiwa kukaa," Esta alisema. "Hospitali ya ajabu hii."

Nawaambieni, ile saa moja ya kukaa ilikuwa ngumu kuliko kufyeka. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mikono mapajani, watu wanapita wananisalimu kama wananipa pole. Na vidonge havikuleta kitu haraka. Septemba yote mdomo ulikuwa mkavu na sikuona nafuu. Benchi la kliniki lenyewe lilikuwa la aibu, kwa sababu liko njia ya kwenda maabara, na kila anayepita anakuona umekaa chini ya kibao cha afya ya akili. Mara ya kwanza nilijifunika uso kwa kofia. Esta alikuwa anasalimia kila mtu kwa sauti. Mwezi wa Oktoba nikaamka siku moja nikanusa kahawa ya jirani inakaangwa, nikaitamani. Nikajua kuna kitu kimefunguka.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja hakifunguki, na mhudumu wa kliniki alikiona. Aliniambia, "Kuna mtu unayemkwepa macho. Mwambie." Nilijua ni nani.

Nilimwambia Esta mwezi wa Novemba, kwenye benchi lilelile, mvua za kwanza zikigonga bati. Sikupamba. Nilimwambia, "Dada yako alisema kichwa kinamgonga, aende kupumzika. Nilimwambia tumalize safu kwanza. Miezi yote hii nimekuficha kwa sababu ya Skola. Nimeogopa hutamrudisha."

Alikuwa anakula karanga, akakunja karatasi yenye karanga zilizobaki, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo sana. Jina lake likaitwa. Akaingia, akatoka, akanipita kama anapita nguzo. Nilitoka nje kumtafuta, nikamwona anapanda gari la kwenda Mbamba Bay, kule ziwani, bila kugeuka.

Desemba hakuja kliniki. Januari hakuja. Nikipiga simu kwa jirani yao naambiwa Skola ametumwa dukani, Esta ametoka. Nilijua nimempoteza mtoto wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Jambo la ajabu, na ndilo ninalotaka mgonjwa mwenzangu alijue, ni kwamba sikurudi nilikotoka. Nililia. Nililia Krismasi nzima, nikipika na kulia, na mdogo wangu akakaa karibu yangu. Usingizi ukaanza kufika mpaka saa kumi, halafu saa kumi na moja. Niliendelea na vidonge. Niliendelea kukaa kwenye kigoda. Februari nilifyeka mteremko mmoja tu, ule wa Agnesi, na Machi nikaulaza nyasi. Nyasi za mwaka uliopita zilikuwa zimeoza, upepo umezitawanya, na ile safu yake moja na nusu ilikuwa bado inaonekana, matuta yamelegea lakini yapo. Nilianzia pale alipoishia.

Nikakusudia kufukia mwenyewe. Nilikuwa sijawahi. Nilikuwa dirisha la tatu, matuta yangu yamepinda kama njia ya panya, niliposikia sauti kutoka juu ya njia.

"Shemeji, hicho unachochimba ni kaburi au shimo la ngoro?"

Esta alikuwa amesimama na jembe begani, jasho linamtiririka kwa kupanda kilima. Nyuma yake Skola, amebeba mkoba wa shule, amerefuka. Skola aliniamkia, nikamshika kichwa.

Esta aliteremka mpaka nilipo. Hakunikumbatia.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Nyingi. Nimekaa nayo ziwani, nikaona itanirudisha kitandani. Nikasema bora nije nilime nayo."

"Na Skola?"

"Barua ya uhamisho iko kwenye mkoba. Nilisema mpaka uanze kula." Alitazama mkanda wangu. "Ngapi?"

"Nimerudi tundu la pili."

"Basi sogea. Unaharibu shamba la dada."

Alilima siku nne. Alikuwa hajawahi kulima ngoro, naye, kwa hiyo yule mama jirani alikuja kutufundisha wote wawili, akitutukana vizuri kila tulipokosea. Alimwambia Esta ana mikono ya kuvulia samaki, na mimi nina mikono ya kuchanganya saruji. Nilifukia na wao. Waliopita njiani walisimama kutazama mwanaume akifukia, wakaenda zao. Skola alipanda maharage. Siku ya pili Esta alilala mpaka saa tano, hatukumwamsha, na alipoamka alikuja mwenyewe shambani bila kuitwa. Siku ya nne jioni alinisukuma bega, akasema tutaonana kwenye benchi, akarudi kwake.

Tumeonana Aprili na Mei. Yeye bado ana siku zake za kulala, na mimi nikifikiwa na jambo zito bado mikono yangu inatafuta kazi. Tumeambiwa huenda tutakuwa hivyo kila mmoja kwa tabia yake, ila sasa tunazijua dalili. Akinipigia simu na utani mwingi kupita kiasi, ninamuuliza ameenda ufukweni. Akisikia nafyeka wakati usio wa kufyeka, anamwambia Skola aniletee kigoda.

Leo nililala mpaka asubuhi. Nilisikia mlango, kisha sauti ya Skola.

"Baba. Jua limetoka."

Nikafumbua macho, kweli mwanga ulikuwa umefika ukutani. Alikuwa ameshavaa sare ya shule, na uji alikuwa ameufunika mezani. Ulikuwa umepoa. Nikaunywa wote, nikamwambia aniongezee.